Msitu wa vitofali: kujenga pori pamoja na mtoto huko Dzaleka

Seti ya vitofali vya plastiki yenye miti, simba na kasuku hubuniwa kwa kumfikiria mtoto ambaye msitu anaujua kwa picha pekee. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na katika mji mkuu wa Malawi, Lilongwe, seti kama hiyo huweza kumfikia mtoto ambaye wazazi wake walivuka msitu kwa miguu. Namna mtu mzima anavyoketi naye kujenga, na namna vipande vichache vinavyogawanywa kati ya watoto wengi, ni mambo yenye uzito kuliko yanavyoonekana.

Dzaleka iko wilayani Dowa, zaidi kidogo ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya serikali kuigeuza kuwa kambi mwaka 1994, mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi ya Rais Hastings Kamuzu Banda, na jina lake limejengwa juu ya kitenzi cha Kichewa chenye maana ya kuacha au kukoma. Kambi ilipangwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho lugha inayowaunganisha sokoni, kisimani na makanisani.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, hapo mwaka 1987, ilijitoa katika kubanwa na vifungu kadhaa, kikiwemo kinachohusu uhuru wa mkimbizi kwenda na kuishi apendapo nchini. Kwa msingi huo wakimbizi hutakiwa kukaa Dzaleka. Hata hivyo, kwa miaka mingi familia nyingi zilifungua maduka mijini na kuwaandikisha watoto wao katika shule za huko, hadi amri ya kurejea kambini ilipotolewa mwaka 2023 na polisi kuanza, mwezi Mei, kuwakusanya waliokuwa wamebaki. Shirika la Human Rights Watch liliripoti kuwa watoto walikuwa miongoni mwa waliozuiliwa katika gereza la Maula, Lilongwe, kabla ya kupelekwa Dzaleka.

Anayehama kwa amri huchukua sufuria, godoro na vyeti. Vitu vya watoto hukumbukwa mwisho, pengine lori likiwa limekwisha kuondoka. Ndiyo maana mazungumzo juu ya kitu cha kuchezea kambini si anasa. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinautaja mchezo kwa jina, pamoja na mapumziko, kuwa haki ya kila mtoto, na mwezi Machi 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Mchezo.

Kipande kidogo, hesabu kubwa

Kitofali kinachojulikana zaidi duniani kilitoka katika karakana ya fundi seremala. Ole Kirk Christiansen wa mji wa Billund, Denmark, alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kampuni yake ikachukua jina la LEGO, kifupi cha maneno ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Tarehe 28 Januari 1958 kampuni hiyo iliwasilisha ombi la hataza kwa kitofali cha plastiki chenye vinundu juu na mirija ndani yake. Vinundu vya kipande cha chini hubanwa na mirija ya kipande cha juu. Vipande hushikana bila gundi, na mkono wa mtoto huweza kuvitenganisha. Vipimo hivyo havijabadilika tangu wakati huo, kwa hiyo kipande cha mwaka 1958 hushikana na cha leo.

Sifa hiyo ina faida ya pekee kwa mnunuzi wa mitumba, au kaunjika kama waitavyo Wamalawi. Mtu akiokota mabaki ya seti tatu tofauti katika soko la Lilongwe, yote hufanya kazi pamoja. Vitofali vya kampuni nyingine za kuiga mara nyingi navyo huingiliana, ijapokuwa vingine hulegea na mnara huanguka kabla haujafika mbali. Kukosekana kwa kijitabu cha maelekezo au kwa nusu ya vipande hakuharibu kitu. Seti iliyopungua humlazimisha mtoto kubuni, ilhali seti kamili yenye picha humfundisha zaidi kufuata.

Ukubwa wa ubunifu huo unaweza kuhesabiwa. Vitofali viwili vya rangi moja vyenye vinundu vinane kila kimoja huunganishwa kwa njia 24. Vikiwa vitatu, njia ni 1,060. Vikifika sita, njia huwa 915,103,765. Kwa miaka mingi kampuni yenyewe ilitangaza idadi ndogo zaidi, takriban milioni 103, kwa sababu ilihesabu minara ya ghorofa sita peke yake. Mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ndiye aliyeisahihisha kwa msaada wa kompyuta. Mzazi anayedhani kuwa vipande sita havitoshi kumshughulisha mtoto jioni nzima ana jibu lake hapo.

Msitu wa nani?

Wanaobuni seti za porini hawana budi kuchanganya mambo. Simba huwekwa katikati ya miti minene, ingawa simba halisi ni mnyama wa nyasi na uwanda wa wazi. Chui-milia wa Asia hukaa bega kwa bega na tembo wa Afrika, na kasuku mwekundu wa Amerika Kusini hutua juu ya mti ambao haujulikani umeota bara gani. Kwa mtoto wa Billund hilo halina neno. Kwa mtoto wa Dzaleka ni nafasi ya mzazi kueleza, kwa sababu mzazi huyo mara nyingi anayajua mapori halisi kuliko aliyeibuni seti.

Aliyetoka Kivu Kusini huenda aliishi karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, magharibi mwa Bukavu, yenye sokwe wakubwa wa nyanda za chini za mashariki. Aliyetoka Ituri anatoka katika nchi ya okapi, mnyama ambaye wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu, ilhali Wambuti walikuwa wakimjua siku zote. Mrundi ana msitu wa Kibira, na Mnyarwanda ana Nyungwe unaopakana nao. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni wa misitu ya Kongo. Hakuna seti inayowaleta wote hao, lakini kipande cha kahawia chenye vipande viwili vyeupe miguuni kinaweza kuwa okapi ikiwa baba atasema hivyo na mtoto akakubali.

Hata hivyo neno msitu halina utulivu katika Kiswahili cha Maziwa Makuu. Kuingia msituni ni kushika silaha. Kulala porini ni kukimbia usiku. Mtu mzima anayemwona mtoto akijaza watu wadogo wa plastiki nyuma ya miti anaweza kushtuka kwa sababu ambazo mtoto, aliyezaliwa kambini, hazijui. Au mtoto anazijua kwa kuwa alizisikia watu wazima wakinong'ona, na sasa anazipanga sakafuni ili azitazame.

Kwamba watoto huyasema kwa vitu yale wasiyoyaweza kwa maneno, si ugunduzi wa juzi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Margaret Lowenfeld aliwapa watoto wa London sanduku la wanyama, watu, nyumba na miti midogo pamoja na sinia la mchanga, akawaacha wapange. Watoto wenyewe waliyaita waliyoyapanga "dunia", na njia hiyo ikaingia katika tiba ya watoto. Lowenfeld alisisitiza kwamba mtu mzima asikimbilie kufasiri. Shauri hilo linafaa hata kwa mzazi asiyekuwa na nia yoyote ya tiba.

Tuseme mtoto amemweka simba ndani ya ukuta usio na mlango na kusema, "Huyu amejificha." Swali la haraka, kama vile amejificha nani au kwa nini, humgeuza mtoto kuwa shahidi mbele ya hakimu. Maelezo ya yale yanayoonekana hufanya kazi zaidi: "Naona umemjengea ukuta mrefu." Mtoto ataendelea akitaka, au atanyamaza, na kunyamaza kwake ni jibu pia. Baada ya muda huenda akasema, "Mama, nipe kile chekundu, nimwekee mlango." Mama akimpa bila kuongeza neno, ametenda vizuri. Mtoto akirudia kwa majuma mengi tukio lile lile la kutisha, halali usiku, au hawezi kuucheza mchezo wowote mwingine, hapo si jambo la vitofali tena, na familia inapaswa kumwona mhudumu wa afya au wafanyakazi wa ulinzi wa watoto kambini.

Kuna pia msitu mwingine, ulio karibu, ambao mtoto wa Dzaleka hajauona kwa kuwa safari nje ya kambi zina masharti. Mwaka 2016 na 2017 tembo wapatao 500 walihamishwa kutoka Liwonde na Majete hadi Hifadhi ya Nkhotakota, kaskazini mwa Dowa, karibu na Ziwa Malawi. Walipigwa sindano ya usingizi, wakainuliwa kwa winchi miguu ikiwa juu, wakapakiwa katika malori. Mwaka 2022 wengine 263 walipelekwa Kasungu. Ni vigumu kupata habari inayofaa zaidi kujengwa kwa vitofali: inahitaji lori, winchi, kamba na tembo mmoja mzito anayeendelea kuanguka.

Vipande vichache, mikono mingi

Seti moja katika nyumba ya chumba kimoja au viwili haikai kuwa ya mtoto mmoja. Wapo ndugu, wapo watoto wa shangazi, wapo wa jirani waliosimama mlangoni kwa sababu wamesikia plastiki ikimwagika. Wazazi wengi huamua kugawa sawa kwa sawa, kila mtoto vipande kumi. Ni uamuzi wa haki, na huua mchezo. Vipande kumi havitoshi msitu, na kila mtoto hukaa akilinda vyake.

Njia iliyo bora ni kugawa kazi na kuviacha vipande viwe rundo moja. Mmoja anajenga mto, mwingine daraja, wa tatu ndiye mwenye wanyama, na mkubwa kuliko wote anaitwa fundi anayeombwa msaada, maana akiachwa awe mjenzi atamaliza peke yake. Kazi hubadilishwa kila mchezo. Kuwa "mwenye simba" ni cheo kinachogombewa, na pasipokuwa na zamu inayojulikana ugomvi huzuka hapo. Kanuni moja husaidia kuliko nyingine zote: habomoi mtu alichojenga mwenzake bila kumwuliza. Kwa watoto ambao wamewahi kuona nyumba ikibomolewa, au duka la baba likifungwa kwa amri, kanuni hiyo ina maana ambayo haihitaji kuelezwa.

Kuhusu mtoto wa Dzaleka na wa Lilongwe wanapokutana, shuleni au katika Tamasha la Tumaini ambalo limekuwa likifanyika kambini tangu 2014, lugha haiwi kikwazo kikubwa kama wazazi wanavyohofu. Ndovu wa Kiswahili ni njovu kwa Kichewa na inzovu kwa Kirundi. Nyoka ni njoka, na kwa Kirundi inzoka. Fisi ni fisi kwa Mchewa na kwa Mswahili. Nyumba ni nyumba. Simba ndiye anayewatenganisha, kwa kuwa Kichewa humwita mkango, na msitu wenyewe huitwa nkhalango. Watoto wawili wakipanga wanyama mstarini na kuwataja kwa zamu hugundua haya kabla mwalimu hajawaambia. Sungura mjanja wa hadithi za Waswahili ni Kalulu kwa Mchewa na Bakame kwa Mrundi na Mnyarwanda, mwenye hila zile zile. Akikosekana katika seti, kipande cheupe chenye masikio mawili kinatosha.

Mtoto mwenyeji naye haji mikono mitupu. Watoto wa Malawi wanajulikana kwa galimoto, magari wanayoyasokota kwa nyaya na kuyaendesha kwa usukani mrefu. Utamaduni wa Wachewa una ngoma ya Gule Wamkulu, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005, ambamo hutokea maumbo makubwa ya wanyama yaliyofumwa kwa fito na majani, watu wakiwa ndani yake. Kujenga mnyama kwa kuunganisha vipande ni jambo la zamani katika nchi hii. Plastiki ndiyo ngeni. Galimoto la waya linaweza kupita juu ya daraja la vitofali, na tembo anaweza kufinyangwa kwa udongo wa kichuguu iwapo wa plastiki amepotea.

Yanayojulikana na watafiti

Madai mengi hutolewa juu ya vitofali, mengine na wauzaji. Yapo machache yaliyopimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Seattle, Marekani, wakiongozwa na Dimitri Christakis, waliwagawia vitofali watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu, na kuona baada ya miezi sita kuwa wengi wao, hasa wa familia za kipato kidogo, walipata alama bora za lugha kuliko wenzao ambao hawakupewa. Ifahamike kwamba kampuni ya kutengeneza vitofali ndiyo iliyogharimia utafiti huo. Maelezo yanayoaminika ni rahisi: anayejenga na mtoto huzungumza naye. Juu, chini, kando, kikubwa kuliko, bado kimoja. Maneno hayo ndiyo mlango wa hisabati, na hupatikana kwa wingi zaidi kwa mzazi anayekaa sakafuni kuliko kwa anayempa mtoto seti na kuondoka.

Kwa shule zenye watoto wengi, Mwafrika Kusini Brent Hutcheson wa shirika la Care for Education alibuni mpango wa vitofali sita: kila mtoto hupewa vipande sita vikubwa vya rangi tofauti, na mwalimu huongoza mazoezi mafupi ya kukumbuka mpangilio, kuhesabu na kusikiliza. Katika Tanzania, Uganda na Ethiopia, mradi wa PlayMatters unaoongozwa na Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji na kufadhiliwa na wakfu wa LEGO umewafunza walimu wa wakimbizi na wa jamii zinazowapokea kufundisha kwa mchezo. Malawi haimo katika nchi hizo tatu. Lakini mbinu hazina mpaka: kanuni ya vipande sita hufanya kazi kwa vizibo sita vya chupa vya rangi mbalimbali, au kwa vipande sita vya mbao vilivyokwanguliwa vizuri, na fundi yeyote wa Dzaleka anaweza kuvikata.

Kuna hatari moja ambayo haina mjadala. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu huweka kila kitu kinywani, na kitofali kidogo huweza kuziba koo. Kipande kinachopita katika kiini cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake. Vipo vya aina ya Duplo, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1969, ambavyo ni mara mbili kwa urefu, upana na kimo. Navyo hushikana na vidogo, kwa hiyo mdogo na mkubwa wanaweza kujenga pori moja. Kama ni vidogo tu vilivyopo, wajengaji wakae juu ya mkeka au kitenge kilichotandikwa, na mdogo abebwe.

Vitofali vya mitumba vioshwe kabla ya kuchezewa, na vinavyochezewa na watoto wengi vioshwe mara kwa mara; mlipuko wa kipindupindu ulioanza Malawi mwaka 2022 uliua zaidi ya watu 1,700, na hakuna anayehitaji kukumbushwa kwa nini mikono inanawishwa. Maji yawe ya uvuguvugu yenye sabuni, yasizidi nyuzi 40, kwa sababu maji ya moto hupinda plastiki. Vikaushwe kivulini. Mfuko wa kitenge wenye kamba mdomoni huvihifadhi vizuri kuliko boksi la karatasi, ambalo halivumilii masika, na ni mwepesi kubebwa. Kabla ya kuufunga, watoto wahesabu vipande kwa sauti, Kiswahili jioni hii, Kichewa kesho, na simba awe wa mwisho kuingia.